Nat2 ya kipanya na NAT2 ya mtu: naweza kuziweka mstari mmoja?

Furaha_Kadutu
Wakubwa, habari za jioni. Niko Bukavu, naandika kazi ya kumaliza masomo juu ya izoniazidi, ile dawa ya kifua kikuu. Kwa mtu mambo yako wazi: mwenye NAT2 (jeni ya kimeng'enya kinachogeuza dawa hii mwilini) ya polepole anakaa na dawa mwilini muda mrefu, na asipopewa vitamini B6 miguu inaweza kuanza kuwaka moto. Sasa nimeshusha makala ya vipanya vya maabara (mega zote zimeishia hapo). Ukoo wa A/J ni wa polepole, C57BL/6 ni wa haraka, na tofauti yao iko kwenye Nat2. Jina ni lile lile, tabia ni ile ile, nikaona jedwali langu limejaa. Ila msimamizi ameandika pembeni "angalia tena", kisha akasafiri. Niangalie nini?

Papa_Katuba
Mdogo wangu, msimamizi wako ana haki. Nat2 ya kipanya si mwenzake NAT2 yetu, ni mwenzake NAT1. Tazama kazi ya kimeng'enya chenyewe: cha Nat2 ya kipanya kinapenda PABA (kemikali ya kupimia, asidi ya para-aminobenzoiki), sawasawa na NAT1 ya mtu. Izoniazidi, kwa kipanya, ni ya Nat1. Kwa hiyo A/J ni wa polepole kweli, lakini upole wake hauko kwenye jeni unayoitafuta.

Herufi zinakuambia familia, namba haikuahidi kitu. Ni kama parseli: namba 2 ya avenyu yenu na namba 2 ya avenyu yetu huku Lubumbashi, nani alisema wenye nyumba ni ndugu? Jeni za CYP, za vimeng'enya vingine vinavyogeuza dawa, ndizo zilizopangwa vizuri kidogo. Protini zikifanana kupita asilimia 40 zinaingia familia moja, zikipita 55 zinaingia tawi moja, yaani ile herufi inayofuata namba. Hata hivyo mtu ana jeni 57 za CYP zinazofanya kazi na kipanya ana 102, sasa utazilinganisha vipi moja kwa moja? Ukitafuta Cyp2d6 ya kipanya utachoka bure. Tawi la 2d analo, tena limejaa jeni, lakini 6 hakuna.

Nyawera_bio
Sasa kamati za majina zinalipwa za nini? Wabadilishane tu: 1 ya kipanya iwe 2, na 2 iwe 1. Kwisha.

Papa_Katuba
Hapana, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Ukibadilishana, kila makala ya zamani iliyoandika Nat2 inageuka kusema kinyume, na msomaji hajui kama aliyeandika alifuata hesabu ya zamani au mpya. Jina baya lililozoeleka linavumilika. Majina mawili yaliyopishana hayana dawa.

Kumpa jeni jina jipya kabisa, sawa. HGNC, kamati ya majina ya jeni za binadamu, ilifanya hivyo: Excel ilikuwa inageuza SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe, orodha za watu zinaharibika kimyakimya. Mwaka 2020 wakatangaza SEPTIN1 na MARCHF1, na majina ya zamani yakabaki kwenye rekodi ili atafutaye apate. Hapo niliwapigia makofi.

Furaha_Kadutu
Aksanti sana, Papa. Na kuandika je? Rafiki yangu anasema herufi kubwa zote.

Papa_Katuba
Kubwa zote ni za mtu: NAT2. Kipanya ni ya kwanza tu: Nat2. Jeni iandike kwa mlazo, protini iache wima. Mara ya kwanza kuitaja, weka na namba yake ya NCBI, ile hazina ya Marekani ya data za jeni. NAT2 ya mtu ni 10, hiyo haichanganyi mtu. Tena watu wa NAT wana desturi yao: wanatanguliza kwenye mabano herufi 5 za kiumbe. Usiidharau, maana bakteria wa kifua kikuu mwenyewe ana NAT yake, wanamwandika MYCTU, na kwa mada yako utakutana naye tu.

Jedwali usilifute. Sogeza Nat1 ya kipanya ikae mkabala na NAT2 ya mtu, kisha A/J uwahamishie upande wa NAT1.

Nyawera_bio
Na aliyetumia panya wakubwa?

Papa_Katuba
Aanze upya na vimeng'enya. Asianze na namba.