Kitanzi cha muda mrefu na bakteria wa aktinomaisesi

Swali: Ndugu zangu, nimetumia kitanzi cha shaba, kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, kwa miaka tisa bila tatizo lolote. Majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi yameonyesha bakteria wanaoitwa aktinomaisesi, ingawa sina maumivu wala homa. Je, ni lazima kitanzi kitolewe?

Jibu la kwanza: Pole kwa wasiwasi, dada. Mimi ni mkunga. Bakteria hawa huishi kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wenye afya, na kuonekana kwao kwenye kipimo hakumaanishi ugonjwa. Kwa mwanamke asiye na dalili, kwa kawaida hapewi dawa wala hatolewi kitanzi. Ugonjwa wenyewe ni nadra sana, hukua polepole kwa miezi, hasa kwa waliokaa na kitanzi miaka mingi, na huweza kujenga uvimbe mgumu nyongani ambao madaktari wengi wamewahi kuudhania saratani.

Jibu la pili: Niongeze kwamba maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha, homa, uchafu usio wa kawaida au kupungua uzito ni sababu ya kwenda hospitali upesi. Ndugu yangu aliugua hivyo: kitanzi kilitolewa, akatumia penisilini kwa miezi mingi, akapona bila upasuaji.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitamwonyesha daktari majibu haya, kwa kuwa muda wa kitanzi changu nao unakaribia kuisha.