Naomba ushauri: ERK iko ndani ya kiini kabla sijaiamsha

Binti_Kirumba: Wakuu, shikamooni. Niko Mwanza, nafanya utafiti wa uzamili kwa seli za HeLa, yaani seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Seli ikitulia, protini ya ERK, inayopeleka ishara ya kukua, hukaa zaidi kwenye saitoplazimu, yaani ute unaozunguka kiini. Seli ikipata kichocheo cha ukuaji, EGF, ERK huingia kwenye kiini ndani ya dakika chache. Mimi naiona imejaa kiinini hata kwenye visahani ambavyo sikuviwekea EGF. Je, ninunue kingamwili nyingine ya kuionyesha ERK?

Mzee_Ilemela: Marahaba, mwanangu. Seli hizo zilichukuliwa kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, mwaka 1951 bila ridhaa yake, na yeyote anayezikuza anapaswa kulikumbuka jambo hilo kabla ya kuulizia kingamwili.

Fundi_Hadubini: Nilipoteza miezi miwili nikifuatilia protini niliyoiunganisha na ile ya kung'aa kijani, kumbe seli ziliitengeneza kwa wingi mno hata ikasambaa mahali isipokaa. Wewe ulizinyima seli seramu, yaani majimaji ya damu yanayotiwa kwenye lishe, ili zitulie?

Binti_Kirumba: Ndiyo, usiku kucha.

Fundi_Hadubini: Na asubuhi?

Binti_Kirumba: Umeme ulikatika usiku. Nilizihurumia, nikazipa lishe mpya yenye seramu asilimia 10, robo saa kabla ya kuzihifadhi kwa formaldehaidi. Lakini visahani vyote vilipata sawa, kwa hiyo ulinganisho unasimama. Isitoshe, sura ya nne nimekwisha kuiandika na msimamizi anaitaka Ijumaa.

Mashaka_Matupu: Uzi huu umetungwa. Anayeijua ERK hawezi kusahau seramu.

Binti_Kirumba: Sijatunga, kaka. Nilipofungua inkubeta, lishe iliyokuwa nyekundu ilikuwa imegeuka zambarau, na mikono ilinitetemeka.

Fundi_Hadubini: Nakuamini. Hewa ya ukaa ikipungua, lishe hupoteza asidi na kugeuka rangi hiyo hiyo. Ila dada, seramu imejaa vichocheo vya ukuaji, nawe uliviamsha visahani vyote. Hakuna kilichobaki kimetulia cha kulinganishia. Rudia: zinyime seramu, usibadilishe lishe, hifadhi kimoja kabla ya EGF na vingine baada ya dakika 5, 15 na 30, na kimoja kipake kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayong'aa, peke yake.

Mzee_Ilemela: Na mwambie msimamizi ukweli.

Binti_Kirumba: Nimepanda seli mpya jioni hii. Msimamizi nitamwandikia kesho asubuhi, ingawa sura ya nne bado sijaifuta.