Ameokoka, sasa hataki kulipa deni la kikundi. Tumwachie?

muuza_viatu_owino
Wapendwa habari zenu. Kuna jamaa tunauza naye viatu hapa soko la Owino, Kampala, alikopa laki saba kwenye kikundi chetu akasema anaongeza mzigo, kumbe pesa yote ikaishia kwenye beting. Sasa ameokoka na si utani, pombe ameacha, kubeti ameacha, hata matusi yamepungua. Lakini ukimuuliza deni anakutolea 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita, eti ameokolewa kwa neema si kwa matendo kwa hiyo kumdai ni kumrudisha chini ya sheria. Mimi pia nimeokoka najua neema hainunuliwi ila hapa nashindwa nimjibu nini.

mama_jinja
Banange, ya kale yamepita ila laki saba ya watu imepita kwenda wapi? 😂 Msomee Waefeso 2 lakini msiishie mstari wa 8 na 9, endeleeni wa 10, tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Halafu barua hiyohiyo 4:28, mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Yaani mtu aliyezoea kuchukua anakuwa mtu wa kutoa. Huyu wenu bado kwenye kutoa hajafika.

kijana_mbale
Polepole jamani. Yule mnyang'anyi msalabani hakurudisha hata senti na aliambiwa leo utakuwa nami peponi. Kuna makanisa mtu akiokoka anapewa listi ya masharti, akishindwa moja anaambiwa hukuokoka vizuri, watu wanaishi kwa woga tu. Na najua mtaleta Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha alichodhulumu.

mzee_kabale
Zakayo nitamleta hata usipotaka, kijana wangu. Mnyang'anyi alikuwa amepigiliwa, angelipa saa ngapi? Huyu wa Owino ana miguu na ana meza ya viatu. Sasa angalia Luka 19, Yesu alimwita Zakayo kwa jina akiwa bado juu ya mti, hajarudisha kitu, akamwambia leo nitashinda kwako. Baada ya hapo ndipo tunasikia habari ya kulipa. Walawi 6 inasema aliyedhulumu arudishe mali yote aongeze sehemu ya tano, Zakayo akatangaza kurudisha mara nne, na nusu ya mali akawapa maskini, na hakuna aliyemdai pale. Sheria haikumfikisha huko. Huku Kigezi uamsho ulipotufikia kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, Balokole, yaani waliookoka, walijulikana kwa jambo hilo, mtu akiokoka anatubu hadharani halafu anabeba alichoiba anakirudisha kwa mwenyewe.

kijana_mbale
Sawa mzee, lakini mstari wa 9 Yesu anasema wokovu umefika BAADA ya Zakayo kuahidi. Si kama amelipia?

mzee_kabale
Malizia mstari. "Kwa sababu huyu naye ni mwana wa Ibrahimu", hakusema kwa sababu amerudisha pesa.

mama_jinja
Na barua ya Paulo kwa Filemoni je? Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ameokoka lakini Paulo hakuandika kwamba deni limefutika, aliandika kama amekudhulumu au ana deni lako liandike kwangu. Kikundi kinaweza kumsamehe, hiyo ni neema yao kutoa, yeye hawezi kujisamehe kwa pesa ya wenzake.

muuza_viatu_owino
Asanteni sana, hilo la mama ndo nitampelekea. Kijana_mbale wewe uko tayari kuwa Paulo wetu? Nikutumie namba ya mweka hazina 😀

kijana_mbale
Aaa ssebo mimi nilikuwa nachangia mjadala tu

muuza_viatu_owino
😂😂 Basi nimeongea na mwenyekiti, riba wanaondoa yote, alipe elfu kumi kila wiki. Namsubiri Jumapili akitoka ibada.