Cheti cha usimamizi wa utafiti: tuanze na walioko mezani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naileta hoja hii tuijadili wazi: SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, ianzishe cheti cha usimamizi wa utafiti au isianzishe? Sisemi mafunzo ya kufanya utafiti, hayo yapo. Nasema kazi ya yule anayepanga bajeti ya ombi la fedha, anayesoma mkataba wa mfadhili kabla mkubwa hajatia saini, anayefuatilia kibali cha maadili na anayekagua masurufu.

Visiwa hivi vina utafiti mwingi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapa tangu 1978. Kizimbani wanatafiti kilimo, Binguni afya, na Wawi kule Pemba kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri tangu 2000. Ni Pemba hiyo hiyo ambako watoto zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti wa madini ya chuma na foliki asidi. Agosti 2003 dawa hizo zikasitishwa, baada ya kamati ya usalama kuona kwamba waliopewa walikuwa wakilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao. Watu huwataja madaktari. Mimi huwafikiria waliokuwa wakijaza fomu na kuingiza taarifa siku hadi siku, maana kamati haiwezi kuona kisichoandikwa.

Nina sababu yangu pia. Niliwahi kuwa mhasibu msaidizi katika mradi mmoja wa pwani. Wavuvi na kina mama wa mwani tuliwalipa posho mkononi, wakatia saini au dole gumba kwenye orodha isiyo na tarehe wala kiasi mbele ya jina. Tiketi za boti ya Pemba tulizitupa bandarini. Mkaguzi wa mfadhili alipokuja, gharama zile zote zikakataliwa na taasisi ikazilipa kutoka mfuko wake. Hakuna aliyekula hata shilingi, na bado mwenzangu mmoja aliondoka kazini akiwa na jina bovu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu lilikuwa jambo la kufundishwa kwa siku mbili.

Yapo na makubwa zaidi. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, huweka ukomo wa asilimia 8 kwa gharama za uendeshaji za taasisi za nje. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, hutoa asilimia 25. Asiyejua huandika ombi lisilo na fungu la umeme, mlinzi wala karani, kisha taasisi inazibeba gharama hizo yenyewe miaka mitatu. Wenzetu wa Marekani wana chama cha watu wa kazi hii, NCURA, tangu 1959. Kusini mwa Afrika wana SARIMA tangu 2002, na Afrika Mashariki ipo EARIMA. Sisi bado tunaiita kazi ya karani.

Mchangiaji wa Chake Chake:
Hoja njema, lakini wakati si wake. USAID, shirika la misaada la Marekani, imefungwa 2025. Mwaka huo huo NIH ikasimamisha fedha zinazopitia vyuo vya Marekani kuja kwa taasisi za nje. Tunasomesha manahodha na vyombo vinatolewa majini? Na ada atalipa nani? Karani wa Wawi aache kazi akalale Tunguu, kwenye kampasi ya SUZA kule Unguja, miezi sita? Vijana wetu wana vyeti tele makabatini.

Mwenye hoja:
Kaka wa Chake, kwenye ada na safari umenishika. Cheti kikiwa cha Tunguu peke yake na cha mchana, sitakiunga mkono. Kifundishwe pia Mchangamdogo, kampasi ya Pemba, mwisho wa wiki, na ada ilipwe na mwajiri.

La NIH ndilo linalonipa hima. Zamani chuo cha Marekani kilishika mkataba mkubwa na sisi tukapewa sehemu. Ofisi yao ndiyo iliyojua sheria za mfadhili, sisi tukifuata maagizo. NIH ilisema inataka utaratibu wa taasisi ya nje kupewa ruzuku yake moja kwa moja. Basi mzigo ule unahamia kwetu. Asiye na mtu wa kuubeba hatapata hata senti moja, na fedha zikiwa chache ndiyo khasa mwenye hesabu mbovu anaachwa mwanzo.

La vyeti makabatini ndilo zito, na hapa natofautiana na wengi wanaokitaka cheti hiki. Wao wanataka wahitimu wapya. Mimi nasema miaka ya mwanzo wasichukuliwe. Waingie makarani, wahasibu na makatibu ambao tayari wana mafaili mezani, hata asiye na shahada, na uzoefu wao uhesabiwe. Masomo yawe kwa Kiswahili, mikataba isomwe kwa Kiingereza chake kifungu kwa kifungu. Na kabla darasa halijafunguliwa, ofisi ya utumishi wa umma ikubali kwamba mwenye cheti anapanda daraja la mshahara. Bila hilo ni karatasi, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukipinga.

Mtihani wa mwisho usiwe insha. Kila mmoja alete faili la mradi wa ofisini kwake lililokwisha kufungwa, alikague mbele ya wenzake, aonyeshe mkaguzi angelikataa nini.