AFCON 2027 na visimbuzi: serikali ipange bei ya vifurushi, au ihakikishe mechi zinaonekana bure?

Mwananzengo:

Wadau, salaam. AFCON ya 2027 inachezwa kwetu: Tanzania, Kenya na Uganda. Ni mechi 52, nyingine zitapigwa umbali wa nauli moja ya daladala kutoka sebuleni kwa mtu, na mtu huyohuyo anaweza asizione kwa kuwa kifurushi kilikatika jana usiku. Jambo hili linaniuma.

Msimamo wangu ni huu, nipingeni kwa hoja. EWURA inatangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi. LATRA inapanga nauli. Televisheni ndiyo burudani ya nyumba nyingi za mjini na vijijini, sasa kwa nini TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, isiweke bei kikomo ya vifurushi?

La pili: kifurushi kikiisha, ni halali chaneli za nyumbani nazo zizime? Na la tatu, kwa mafundi: mtu anawezaje kupata chaneli za bure kwa antena bila kulipia chochote?

Pima_Mizani:

Mkuu, hasira yako naielewa, ila kwenye bei kikomo napinga.

Bei kikomo ya mafuta inawezekana kwa sababu petroli ni petroli. Lita ya Kariakoo na lita ya Tukuyu ni bidhaa ileile, tofauti ni usafirishaji. Hesabu yake inafahamika: bei ya soko la dunia, meli, kodi, tozo, faida ya muuzaji. Kifurushi cha televisheni hakina lita. Ukimwambia mwenye kisimbuzi asizidishe shilingi kadhaa, atakubali, kisha atahamisha ligi mbili za Ulaya kwenda kifurushi cha juu. Bei imebaki palepale, ulichonunua kimepungua, na mkaguzi hana kipimo cha kumkamata nacho.

Wenzetu wamejaribu. Malawi, mwaka 2023, mdhibiti wao MACRA alikwenda mahakamani kuzuia bei mpya za DStv. Agosti ya mwaka huohuo MultiChoice Malawi, wenye DStv, ikatangaza kusitisha huduma, na watu waliokuwa wanataka bei nafuu wakajikuta wanajadili kama watabaki na huduma yenyewe. Ghana, mwaka 2025, waziri wa mawasiliano alidai bei ishuke na kutishia leseni. Mvutano ule uliishia kwa wateja kuongezewa chaneli kwa bei ileile. Pesa inayotoka mfukoni haikupungua.

Ambapo serikali inaweza kubana na ikaonekana ni kwenye masharti. Chaneli iliyotangazwa kwenye kifurushi isiondolewe kabla ya muda uliolipiwa kwisha, na ikiondolewa mteja arudishiwe siku. Bei mpya itangazwe mapema kwa Kiswahili kinachoeleweka. Vifurushi vya siku na vya wiki viwepo kwa kila ngazi, maana kipato cha watu wengi ni cha kutwa. Haya yanakaguliwa kwa karatasi na tarehe, mtu hawezi kuyakwepa kwa kupangua orodha ya chaneli.

Kanuni_na_Haki:

Naongezea upande wa sheria, maana mjadala wa AFCON unahitaji chombo kingine kabisa: orodha ya matukio ya kitaifa.

Uingereza wanayo kupitia Sheria ya Utangazaji ya 1996. Kuna matukio ambayo haki zake za moja kwa moja haziwezi kushikwa na televisheni ya kulipia peke yake: Olimpiki, fainali za Kombe la Dunia, fainali ya FA Cup, fainali za Wimbledon na mengine. Kwa miaka mingi chaneli iliyostahili ilikuwa ile isiyolipiwa na inayowafikia asilimia 95 ya watu. FIFA na UEFA walipinga orodha hizo katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, wakashindwa Julai 2013. Afrika Kusini nao wana kanuni za ICASA, mdhibiti wao wa utangazaji, za mwaka 2010, zilizorekebishwa 2021, na Kombe la Mataifa ya Afrika limo.

Lakini watu wengi hapa wanakosea wakidhani tukio likiingia kwenye orodha basi mechi ni bure. Orodha inamkataza muuzaji kumfungia mlango mtangazaji wa bure, basi. Mtangazaji huyo bado lazima anunue. SABC, shirika la utangazaji la umma la Afrika Kusini, imepata kubanwa na ukata hadi mashindano yaliyo kwenye orodha yakazua vuta nikuvute ya dakika za mwisho. Orodha isiyo na fungu la bajeti nyuma yake haiwashi televisheni ya mtu.

Jambo la pili ni muda. Haki za kuonyesha AFCON ni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, na CAF huziuza kwa kanda, kwa lugha na kwa aina ya matangazo, mapema kuliko watazamaji wanavyoanza kulalamika. Kwa AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, haki za kanda yetu zilishikwa na New World TV ya Togo. MultiChoice walikuwa wameshatangaza kwamba hawataonyesha, kisha makubaliano yakapatikana siku chache kabla ya mpira kuanza. Kanuni ikitungwa baada ya mkataba kusainiwa, mwenye mkataba ana haki ya kwenda mahakamani, na kesi itaisha wakati kombe limeshabebwa.

Kwa hiyo ningeishauri serikali hivi: TBC, KBC na UBC, televisheni za taifa za nchi hizi tatu, zikae meza moja na kuomba kwa pamoja haki za bure za nchi tatu zinazoandaa, angalau mechi ya ufunguzi, mechi zote za timu za nyumbani, nusu fainali na fainali. Mnunuzi mmoja mwenye watazamaji wa nchi tatu ana sauti kuliko watatu wanaobisha hodi mmojammoja.

Fundi_Mnara:

Nijibu la pili na la tatu kwa pamoja, maana limechanganywa sana mitaani.

Visimbuzi ni vya aina mbili. Cha antena hupokea mawimbi ya mnara wa ardhini, cha dishi hupokea ya setilaiti. Tulipozima analojia, Dar es Salaam ikianza tarehe 31 Desemba 2012, kampuni zilizopewa leseni za kujenga mitambo ya ardhini zilipewa na wajibu wa kubeba chaneli za taifa za bure. Kifurushi kikiisha kwenye kisimbuzi cha antena, chaneli hizo zinatakiwa kubaki. Wa dishi walikuwa na leseni ya maudhui ya kulipia, na ndiyo maana Agosti 2018 TCRA iliwaamuru Azam, DStv na Zuku waondoe chaneli za ndani za bure. Kisheria hoja ya mdhibiti ilisimama. Ila mzigo ulimwangukia mtu wa kijiji ambacho mnara haukifikii, ambaye dishi ndilo lilikuwa njia yake pekee ya kuona taarifa ya habari. Hapo naamini serikali ilianza na adhabu kabla ya kufikisha mawimbi, na nasema hivyo bila kuogopa.

Sasa antena. Televisheni nyingi mpya zina kipokezi cha ndani. Angalia kibandiko cha nyuma au boksi: lazima paandikwe DVB-T2, yaani aina ya mawimbi ya dijitali ya mnara wa ardhini. Ikiwa ni DVB-T peke yake, mawimbi ya T2 haitayasoma hata ukiweka antena juu ya mnazi.

Antena iwe ya UHF, masafa yanayobeba mawimbi hayo. Kipande cha kupokelea cha antena ya kawaida kina urefu wa sentimita 25 hivi ncha hadi ncha, ambayo ni nusu ya wimbi la megahezi 600. Zile antena zenye vyuma virefu vya mita moja na zaidi ni za VHF ya zamani, usinunue. Elekeza upande mfupi, wenye vyuma vidogo, kwenye mnara. Ukiona antena za majirani vyuma vyake vimelala, laza na vyako. Vikiwa vimesimama, simamisha. Kukosea hapo kunapoteza mawimbi mengi kuliko kukosea mwelekeo kwa nyuzi kumi.

Waya uwe RG6 wa omu 75. Mita 20 za waya huo hula takribani nusu ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye runinga, kwa hiyo usiache mduara wa waya uliobaki nyuma ya kabati. Ukate. Kigawio cha kupeleka runinga mbili kinakula nusu nyingine kwa kila upande.

Sehemu inayoharibika mara nyingi kuliko zote ni kichwa cha waya. Ukimenya, nyuzi za wavu wa nje zirudishwe nyuma zote. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ukigusa shaba ya katikati, mawimbi yameisha, na utalaumu mnara wiki nzima. Juu kwenye antena, funga kiungio kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha uache waya ushuke kidogo chini ya kiungio kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee pale. Maji yakiingia kwenye wavu, waya unageuka kuwa mweusi ndani na hautengenezeki. Unabadilishwa.

Mwananzengo:

Ahsante sana fundi. Kuna runinga inaonyesha T2 kwenye kibandiko, antena ipo, lakini ikitafuta chaneli inaleta sifuri. Nyingine inapata chaneli lakini picha inakatika vipandevipande jioni tu. Na je, busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, inasaidia?

Fundi_Mnara:

Sifuri: nenda kwenye menyu ya kutafuta chaneli, hakikisha umechagua antena na si kebo. Baadhi ya runinga huwa zimewekwa kwenye kebo. Kisha nchi. Ikiwa Tanzania haimo kwenye orodha, chagua nchi nyingine inayotumia mkondo wa megahezi 8, Kenya mojawapo. Bado sifuri? Tafuta kwa mkono, mkondo mmojammoja. Mkondo wa 21 uko megahezi 474, na kila mkondo unaofuata unaongeza 8, kwa hiyo wa 30 ni 546. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Angalia ubora. Nguvu inaweza kusoma 90 huku ubora ukiwa sifuri, maana yake unapokea kelele.

Chaneli ikiingia kwenye orodha lakini skrini inaandika imefungwa, hapo si antena. Hiyo imefungwa kwa kadi na runinga peke yake haitaifungua, inahitaji kisimbuzi cha kampuni husika.

Kukatika jioni: anza na taa. Taa za LED za bei rahisi na chaja za simu hutoa kelele ya umeme. Zima moja baada ya nyingine huku unatazama mstari wa ubora. Kumbuka dijitali haina chenga. Analojia ilikuwa inafifia polepole, hii inakuwa safi hadi ukingoni kisha inaanguka ghafla, kwa hiyo hitilafu ndogo ya jioni inatosha kuiangusha kama mchana ulikuwa ukingoni tayari.

Busta ifungwe juu, karibu na antena, ikilishwa umeme kupitia waya uleule. Ukiiweka nyuma ya runinga inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka pamoja na kelele zote zilizookotwa njiani. Na aliye karibu na mnara asiweke kabisa. Mawimbi yakizidi kipokezi kinazidiwa, na dalili zake zinafanana na za mawimbi hafifu. Pia busta pana inakuza mawimbi ya simu ya 4G ya megahezi 800, ambayo yako jirani na UHF, kwa hiyo ukiwa karibu na mnara wa simu chagua yenye kichujio.

Kahawa_Chungu:

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Mnazungumzia sebule, lakini mpira wa watu wengi unatazamwa kwenye banda umiza, kibanda cha kulipia kiingilio na kutazama pamoja. Mwenye banda anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Filamu, leseni ya biashara, na kifurushi cha biashara badala ya cha nyumbani. Akitumia cha nyumbani, mwenye haki anaweza kumfungia na hana pa kujitetea. Serikali ikitaka AFCON imfikie mwananchi, kabla ya kugusa bei iunganishe vibali hivyo viwe kimoja cha muda wa mashindano, kwa ada inayolingana na idadi ya viti. Na ikague banda lenyewe: mlango wa pili wa dharura, nyaya zisizo wazi, watoto wasiingie usiku. Hapo serikali kuingilia ni wajibu, na sioni anayepinga.

Kanuni_na_Haki:

Nakubali kabisa kuhusu mabanda.

Kwa Mwananzengo, kama chaneli za bure zinazima kwenye kisimbuzi cha antena kifurushi kikiisha, lalamika kwa mpangilio, usiishie mtandaoni. Anza na mtoa huduma, kwa maandishi, na udai namba ya malalamiko. Andika namba ya kadi, tarehe na saa kifurushi kilipoisha, chaneli ipi imezima na eneo ulipo. Piga picha skrini ikionyesha ujumbe wa kosa na namba yake. Bila hiyo watasema ni mawimbi. Wasipokutatulia, peleka yote TCRA ukiambatisha namba ile. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimama upande wa mlaji na linaweza kukuelekeza namna ya kuandika. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa ni Baraza la Ushindani.

Majirani watano wenye tatizo hilohilo waandike barua tano, kila mmoja na kadi yake na tarehe yake.

Mwananzengo:

Nimeelewa. Kwenye bei kikomo mmenibadilisha, kwenye mechi kuonekana bure sijabadilika hata kidogo. Fundi, swali la mwisho: RG6 ya shaba tupu na ile ya chuma kilichopakwa shaba, kwa antena ya ardhini kuna tofauti?

Fundi_Mnara:

Kwa mawimbi yenyewe hakuna, yanapita juu ya ngozi ya waya. Tofauti inakuja ukiweka busta, maana umeme wake unapita katikati ya waya. Ikizidi mita 30 na busta ipo, nunua shaba tupu. Kwangua ncha kwa wembe kabla hujalipa: ikitoa rangi ya fedha, ni chuma.