Nikizungumzia baipola mbele za watu, wanacheka sehemu inayoniuma zaidi

Alfajiri:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliowahi kusimama kwa kujitolea na kuueleza ugonjwa wao.

Nina baipola, ugonjwa wa akili unaonipandisha na kunishusha hisia kupita kiasi, huu ni mwaka wa 11. Natumia dawa ya lithiamu na nimetulia kwa miaka minne. Wiki tatu kutoka leo nitazungumza na walimu wapatao 60, dakika 20, kisha maswali. Niliomba mwenyewe nafasi hiyo. Kijana akianza kushuka au kupanda, mwalimu ndiye anayemwona kila siku, na mimi nikiwa shuleni niliitwa mvivu muhula mzima wakati hata kuinua kichwa kulikuwa kunanishinda.

Nimefanya mazoezi mbele ya wenzangu watano. Kwanza mikono: dawa inanitetemesha vidole, kidogo tu, lakini karatasi inachakacha ukumbi mzima usikie. Wenzangu walidhani naogopa, mmoja akanihurumia akaniambia niketi.

Jambo la pili ndilo linaloniumiza. Nikifika kwenye kipindi cha kupanda, nikisimulia kwamba siku nne sikulala, nikapaka rangi vyumba vitatu, nikagawa viatu vyangu vyote kwa majirani, watu wanacheka. Hawana nia mbaya. Lakini siku zile ndizo zilizonipotezea kazi, na dada yangu alinifuata barabarani saa tisa usiku huku analia. Nikieleza sonona, yaani kipindi cha kushuka, wananyamaza kabisa. Nikieleza kupanda, wanasikia kichekesho. Niikate sehemu hiyo?

Mtembezi:

Usiikate, dada. Ukiikata watajua nusu ya ugonjwa, na nusu uliyoficha ndiyo watakayoshindwa kuitambua kwa mwanafunzi.

Nina baipola pia, nazungumza kwa kujitolea mwaka wa sita sasa, na kicheko hicho nakijua. Mimi kilipungua nilipobadilisha mpangilio. Anza na usingizi. Waambie ulilala kwa muda wa saa moja tu, ukaamka bila chembe ya uchovu, na kesho yake vilevile. Aliyekeshwa na mawazo huamka hoi. Sisi tukiwa juu hatuchoki, na watu wengi hawajawahi kuisikia tofauti hiyo. Waambie jinsi mawazo yalivyokwenda mbio hadi ukaanza sentensi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Kisha mlete dada yako barabarani mapema, kabla ya rangi na kabla ya viatu. Wakishamwona analia, viatu havitawachekesha.

Ila mwombe ruhusa kwanza. Niliwahi kusimulia habari za kaka yangu bila kumwuliza, kumbe ukumbini alikuwamo bosi wake. Ilituchukua muda mrefu kupatana.

Na hukuuliza kuhusu usiku wa baada ya hotuba, lakini huo ndio unaonitia wasiwasi kwa niaba yako. Makofi yanapandisha. Mwaka wangu wa kwanza nilikubali mialiko minne ndani ya wiki moja, usingizi ukaanza kupungua nami nikauita furaha. Mke wangu ndiye aliyeshtuka. Siku hizi sizungumzi jioni, na simu naizima nikifika nyumbani.

Muuguzi wa Zamu:

Nafanya kazi wodi ya afya ya akili. Mtetemo mdogo wa vidole huwapata wengi wanaotumia lithiamu, na kahawa huuzidisha, hofu pia. Weka maandishi mezani, au waambie mwanzoni kabisa: "Mikono hii inatetemeka kwa sababu ya dawa." Hapo umeshaanza kufundisha.

Tafadhali usiruke dozi ili mikono itulie siku hiyo. Kuacha lithiamu ghafla kunaweza kuirudisha hali ya kupanda. Na ukiona mtetemo umekuwa mkubwa, unatapika au kuharisha, unayumba, ulimi mzito, ahirisha hotuba uende hospitali siku hiyohiyo wapime kiwango cha dawa kwenye damu.

Kuhusu maswali: yupo atakayekuuliza kama uliwahi kutaka kujiua, na kwa njia gani. La kwanza jibu ukipenda. La pili usilijibu hata akisisitiza, maana ndani ya watu 60 anaweza kuwepo anayeipima njia hiyo moyoni wakati huohuo. Akiuliza dozi, mrudishe kwa daktari wake. Waombe waandaaji awepo mshauri nasaha, akae karibu na mlango. Wenye shida yenyewe hawanyooshi mkono, husubiri wengine watoke.

Mwalimu wa Hesabu:

Mimi nimewahi kukaa upande wa wasikilizaji. Ilikuwa tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Daktari alitupa takwimu nyingi, nami siikumbuki hata moja. Baada yake alisimama kijana mwenye sonona akatuambia sentensi ambayo alitamani mwalimu wake angemwambia: "Naona hata mpira umeacha. Sikuulizi kazi ya darasani, nakuuliza wewe." Nimeitumia mara mbili. Mwanafunzi mmoja alikaa kimya, akarudi baada ya siku tatu akaongea.

Dada, tupe maneno ya kusema. Walimu tunaona, tunachokosa ni pa kuanzia.

Alfajiri:

Asanteni sana. Nimelisoma jibu la mwalimu nikalia, kwa sababu mimi pia niliacha mpira, wa pete, na hakuna aliyeuliza.

Jana nilimpigia dada. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nisimulie, ila nisiseme alikuwa analia, niseme alikuwa amebeba viatu vyangu. Nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo sikujua kwamba alipita kwa majirani kwanza, saa tisa usiku, akaomba jozi moja, kwa sababu nilitoka peku.

Nitaanza na hapo.