Wakuu wa UK: nyumba imepandishwa bendi ya kaunsili taksi toka C kwenda D, jirani mwenye nyumba kama yangu yuko C. Nipinge au nikae kimya?

MbebaBoksi_Midlands:
Habarini wana jukwaa, hasa mlioko Uingereza. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga. Mwaka jana mwezi wa nane Mungu alitujalia tukanunua nyumba huku Midlands, semi ya vyumba vitatu, ile ya kushikana na jirani upande mmoja, na mzee aliyetuuzia alishaongeza nyuma chumba kimoja cha chini na bafu. Tunanunua ilikuwa bendi C ya kaunsili taksi, ile kodi ya nyumba ya kila mwaka inayolipwa kaunsili, na bajeti mimi na mama watoto tuliipigia hesabu ya C. Mwezi wa pili ikaja bahasha ya Valuation Office Agency, wale wa serikali wanaopanga bendi za nyumba, nikajua ni matangazo nikaitupia juu ya friji, kuja kuifungua baada ya wiki mbili naambiwa nyumba sasa ni D. Kwetu D ni kama pauni 2,300 kwa mwaka, C ni 2,045 hivi, kwa hiyo hapo kuna pauni 255 zinaondoka hivi hivi, hizo kwangu ni shifti mbili za usiku na mgongo juu.

Kinachoniuma sio hata hela. Jirani tulioshikana naye ukuta, mzee wa Kiingereza, naye kaongeza nyuma vilevile, mpaka matofali yanafanana, naye yuko C! Nimeingia GOV.UK, tovuti ya serikali, nikaweka postikodi, mtaa karibu wote C, D ni mimi na nyumba ya kona. Sasa naogopa mambo mawili. Nikipinga wasije wakanipeleka E kabisa kwa hasira, na pili wasije wakamwamsha jirani maana yule mzee ndiye anatupokelea vifurushi tukiwa kazini. Halafu kuna kampuni imepiga simu inasema wao watanipigania, ila wakishinda wanachukua asilimia 30. Nifanyeje?

Mpwa_wa_Tandale:
Sisi huku Bongo kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi, hujui bendi wala nini, unanunua umeme unashangaa yuniti zimepungua. Na mpangaji ndo anakatwa wakati nyumba si yake 😂 We shukuru umeandikiwa barua.

Karis_Reading:
Boss pole sana, hapo umeonewa. Mimi ningewatumia tu makaratasi ya kununua nyumba, waone ulilipa pesa ngapi, kama ni kidogo kuliko hizo nyumba zingine za bendi D lazima wakurudishe. Na hiyo kampuni wachana nayo, asilimia 30 ni ukora.

Binti_Mkunazini:
Kaka Karis, kwenye kampuni uko sawa lakini hiyo ya bei hapana, na wengi ndo wanapojikwaa hapo. Bei uliyonunulia wewe haiwahusu. Bendi za England zinaangalia nyumba ingeuzwa kwa bei gani tarehe 1 Aprili 1991, basi. Ngoja niandike vizuri, kwa pauni: A mpaka 40,000, B mpaka 52,000, C mpaka 68,000, D mpaka 88,000, E mpaka 120,000, na kuendelea hadi H ambayo ni zaidi ya 320,000. Sasa hivi hizo hela hupati hata gereji lakini ndo sheria, kaunsili taksi ilianza 1993 na England hawajathaminisha upya mpaka leo.

Kwa hiyo swali lako mbebaboksi si "nyumba yangu ina thamani gani", ni hili: nyumba yako pamoja na hicho chumba cha nyuma ingevuka 68,000 mwaka 1991?

Kuhusu jirani, hujaonewa na wala yeye hajapendelewa. Mtu akiongeza chumba bendi haipandi hapo hapo, inasubiri nyumba iuzwe. Yako imeuzwa, kwako. Yake haijauzwa. Ukiangalia pale GOV.UK kwenye nyumba yake kuna sehemu inaonyesha kama nyumba iliboreshwa baada ya kupangiwa bendi, kama imeandikwa ndiyo basi atakayekuja kuinunua ndo atalia. Ndo maana nakwambia usimtumie yule mzee kama ushahidi, watakujibu mstari mmoja tu kwamba yake haijauzwa. Na ondoa hofu, kile chumba chake hawakigusi hata wakikijua leo.

DogoCoventry:
Mkuu umeshachelewa, kupinga ni ndani ya miezi 6 tangu uanze kulipa. Ulinunua mwezi wa nane, ikaisha mwezi wa pili. Pole.

Binti_Mkunazini:
Dogo usimkatishe mtu tamaa. Miezi 6 ya kununua kweli imepita, lakini wakibadilisha bendi inaanza miezi 6 mingine toka walipobadilisha. Kwa hiyo bado yuko ndani, ila barua isirudi juu ya friji. Na hata ingepita kabisa angeweza kuomba waipitie upya kwa kuleta ushahidi, tofauti ni kwamba hapo wakikataa njia ya kwenda mbele inakuwa nyembamba. Ukipinga rasmi ndani ya muda wanatakiwa wakujibu ndani ya miezi 4, na usiporidhika una miezi 3 ya kwenda Valuation Tribunal, lile baraza la rufaa za bendi, bure.

DogoCoventry:
Sawa dada nimekubali. Mi mwenyewe nilipinga nikapigwa ndo maana nina kinyongo 😅 Ngoja niwape stori yangu asirudie makosa. Nilichukua bei niliyonunulia fleti nikaiingiza kwenye ile kikokotoo cha mtandaoni cha bei za nyumba, ikarudisha mpaka 1991, ikanipa bei ya bendi A, nikajiona profesa. Wakajibu vikokotoo na wastani wa bei za mitandaoni sio ushahidi kwao. Wanataka nyumba halisi iliyouzwa kati ya 1 Aprili 1989 na 31 Machi 1993. Nikaingia Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, bei zao mtandaoni zinaanzia 1995! Nikaenda hadi laibrari kusoma magazeti ya zamani kwenye mashine, macho yakaniuma siku nzima, nikapata tangazo la fleti kwenye jengo letu letu, wakasema hiyo ni bei ya kutangaza sio bei iliyouzwa. Nikaenda tribunal nikashindwa. Angalau haikunigharimu kitu zaidi ya nauli na aibu.

Karis_Reading:
Sasa kama bei za 1991 hazipatikani watu wanashinda aje?

Binti_Mkunazini:
Kwa majirani, ila majirani wa kuchagua. Unatafuta mpaka nyumba tano zinazofanana na yako kwa ukubwa, umri na muundo, mtaa huo huo au wa pili yake, zilizoko bendi ya chini. Kwa kesi yako zitafute zile ambazo ZILIONGEZWA na ZIKAUZWA baadaye halafu zikabaki C. Hizo ndo zina meno. Ukubwa usikisie, ingia kwenye daftari la serikali la EPC, vile vyeti vya matumizi ya nishati ya nyumba, nyumba nyingi zilizouzwa au kupangishwa zimeandikwa mita za mraba mle, yako pia ipo. Ukiona ya mwenzio ina mita 98 imeuzwa ikabaki C na yako ina 95, hiyo ndo hoja. Ukiona zote za C zina 80, nyamaza ulipe.

Na kuhusu kupelekwa E, ndiyo, wakipitia wanaweza kupandisha, sio hasira, ni kwamba wakiangalia wanaangalia kote. Ndo maana kwanza uchunguze kimya kimya. Wakati unasubiri majibu endelea kulipa D, usije ukajikata mwenyewe ukaletewa wito wa mahakama.

Mzee_wa_Cardiff:
Niongeze kidogo, haya yote ni ya England. Sisi Wales tulithaminishiwa upya kwa bei za 1 Aprili 2003 na tuna mpaka bendi I. Scotland wana watu wao, Scottish Assessors. Msije mkachanganya mambo ya binamu zenu.

Mpwa_wa_Tandale:
Mita za mraba, vikokotoo, magazeti ya 1991... nimerudi kwenye LUKU yangu kwa heshima zote.

MbebaBoksi_Midlands:
Dada Binti nakushukuru sana, kumbe nilikuwa naenda kumchongea mzee wa watu bure. Jana nimetoka shifti sikulala nikakaa na hiyo EPC. Yangu mita 96. Nimepata mbili mtaa wa nyuma zina 94 na 97, ziliongezwa zikauzwa, ziko C. Ya tatu nilidhani nimeipata kumbe ni bangalo, nyumba isiyo na ghorofa. Kwa hiyo mbili tu. Kampuni wamepiga tena nimewaambia nitafanya mwenyewe wakakata simu hata kwaheri hakuna.

Mama watoto anasema hicho chumba cha nyuma tukivunje tu 😂 namwambia utavunjaje wakati bibi yake watoto ndo analala humo. Mama yangu yuko nasi toka apate kiharusi, hawezi ngazi, anatumia wheelchair, na hilo bafu la chini ndo pekee analoweza kuingia. Kwa kweli tulinunua nyumba hii kwa ajili ya hilo bafu.

Binti_Mkunazini:
Subiri subiri subiri. Kaka kwa nini hili hukulisema juu kabisa???

Kuna punguzo la bendi kwa nyumba anayoishi mtu mwenye ulemavu. Masharti: awe anaishi hapo kama makazi yake, na nyumba iwe na bafu la pili au jiko la pili analolihitaji, au chumba kingine anachokitumia hasa kwa sababu ya hali yake, au nafasi ya ziada ya kuzungusha wheelchair ndani. Wewe unayo karibu yote! Ukikubaliwa bili yako inahesabiwa kwa bendi ya chini yake, yaani nyumba inabaki D kwenye daftari ila unalipa kama C. Halihusu kipato, hata ungekuwa na mshahara wa daktari unapata. Na hili haliendi Valuation Office, linaenda kaunsili yako, wana fomu.

Na usiache ile nyingine. Ukishinda kule ukarudi C, hili punguzo linakushusha mpaka B.

Wengine mnaosoma, msichanganye hili na Council Tax Reduction ya wenye kipato kidogo, ile ni fedha za umma, mwenye viza ya kukatazwa fedha za umma asiiguse kabla hajauliza mwanasheria. Punguzo la asilimia 25 la mtu mzima anayeishi peke yake ni kitu kingine pia, hilo halina shida.

DogoCoventry:
Miaka 9 niko nchi hii sijawahi kusikia. Shangazi yangu Leicester ana bafu la chini kabisa la wheelchair, analipa kamili.

Karis_Reading:
Mwambie leo, si kesho.

MbebaBoksi_Midlands:
Mrejesho wakuu. Kule Valuation Office wamejibu wamepokea pingamizi langu na zile nyumba mbili, nasubiri. Huku kaunsili nilijaza fomu nikaambatanisha barua ya daktari, wiki tatu baadaye akaja dada mmoja kuangalia. Mama alikuwa ameshavaa kitenge chake cha Idi kana kwamba anapokea posa. Yule dada akachungulia bafu, akapiga picha ya vile vyuma vya kushikia, akapima mlango kwa tepu, akaandika. Mama akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu anapima nini, anataka kuning'olea mlango?" Nikamtafsiria, yule dada akacheka mpaka karatasi zikamdondoka, mama akamlazimisha akae anywe chai na maandazi.

Leo bili mpya imeingia. Imeandikwa D, chini yake punguzo, ninacholipa ni cha C, na wamehesabu toka tulipohamia. Dogo, umeshampigia shangazi?

DogoCoventry:
Nimempigia. Hapokei, anajua nataka kukopa. Nimemtumia huu uzi.